Gari inalia krrrr ukiwasha asubuhi ya baridi: jinsi ya kuitafuta hiyo sauti kabla hujafungua injini (mwongozo kamili)

Huku Arusha ukiingia mwezi wa sita mpaka wa nane, saa kumi na mbili asubuhi nyuzi joto zinashuka mpaka 10 au 12, ukiwa Ngaramtoni au Ilboru ndo zaidi, Moshi mjini kuna afadhali ila wa Marangu, Machame na Kibosho wanajua ninachosema. Hapo ndo malalamiko yanaanza, gari ikiwashwa inalia krrrr sekunde mbili tatu afu inanyamaza, au inagonga tak tak tak mpaka ufike lami. Unaipeleka gereji saa nne injini ishapata moto, fundi anaweka sikio hasikii kitu, basi inabaki kubahatisha tu, toa plagi weka mpya, badilisha maunti (raba zinazoshikilia injini), shusha injini tuangalie cheni, na kesho asubuhi sauti iko palepale na hela imeondoka.

Tatizo kubwa la sauti hii ni kwamba unaipata mara moja tu kwa siku. Ukishawasha na injini ikapata moto umepoteza nafasi mpaka kesho yake, kwa hiyo kazi ya kuitafuta ni ya wewe mwenye gari, na inaanzia usiku.

Usiku, kabla hujalala

Paki gari sehemu ya tambarare, hili nalisisitiza kwa wanaoishi kwenye miteremko ya Sanawari au huko juu Kibosho maana gari ikilala imeinama kipimo cha oili kinadanganya. Fungua boneti asubuhi kabla ya kuwasha au usiku baada ya injini kukaa dakika kumi hivi, chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena. Oili iwe katikati ya alama mbili au karibu na ya juu. Ikiwa chini ya alama ya chini usiendelee na chochote kwingine, ongeza oili kwanza, maana sauti nyingi za asubuhi ni injini inakula oili na mwenye gari hana habari. Premio na Allion za zamani zenye injini ya 1ZZ-FE, na zile Harrier zenye injini ya 2AZ-FE, zinajulikana kwa kula oili, na injini ndogo kama 1NZ-FE ya kwenye IST inabeba lita 3.7 tu ukibadilisha na filta, kwa hiyo ikipungua lita moja na nusu hicho ni karibu nusu ya oili yote.

Pili, jua kemushafti ya injini yako (mhimili unaofungua valvu) inazungushwa na cheni au belti, maana hapa ndo watu wengi wanapigwa. IST, Vitz, Raum mpya, Probox, Premio ya VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka), Harrier ya 2AZ, X-Trail ya QR20, hizo zote ni cheni. Rav4 na Noah za zamani zenye 3S-FE ni belti, Corolla 110 ya 5A-FE ni belti, Mark II ya 1G-FE ni belti, Land Cruiser ya 1HZ ni belti, Forester yenye injini ya EJ ni belti lakini Forester mpya ya FB20 ni cheni. Fundi akikwambia cheni imelegea kwenye gari ya 3S-FE, chukua funguo zako uondoke.

Tatu, ekzosti ikiwa ya baridi kabisa lala chini uipigepige kwa ngumi au kwa nyundo ya raba kuanzia mbele mpaka nyuma. Yale mabati membamba ya kukinga moto yanashikiliwa na boliti ndogo za spana namba 10, na kwa barabara zetu za vumbi na mawe zinakatika au bati linaliwa na kutu kwenye tundu la boliti. Ukisikia cheng cheng umepata mtuhumiwa wa kwanza, na huyu ndo wa bei rahisi kuliko wote, unafunga klipu kubwa ya chuma kuzunguka bomba na bati, imeisha. Pigapiga na katalaiza (kile kisafisha moshi kwenye ekzosti) pia, ikilia kama ina mawe ndani basi sega lake limevunjika.

Andaa simu mbili kama unaweza kuazima, moja ya dashibodi na moja ya kwenye injini. Andaa pia bisibisi ndefu, au kipande cha hosi cha mita moja hivi.

Asubuhi, sekunde kumi za kwanza

Gari iwe nje, sio ndani ya banda lililofungwa, moshi wa ekzosti unaua na hautoi taarifa. Handibreki juu, gia P au nyutro. Kama umevaa mtandio, shuka au tai vua, usisogee kwenye belti na feni na kitu kinachoning'inia.

Simu ya kwanza iangalie taa ya oili kwenye dashibodi. Simu ya pili iweke juu ya injini upande wa belti, sio kwenye belti yenyewe, iwe inarekodi tayari kabla hujapiga stata. Washa. Usikanyage mafuta. Acha injini ijitegemee na usikilize, hesabu moja elfu, mbili elfu, tatu elfu mpaka sauti ibadilike au ikate.

Unatafuta majibu matatu tu: sauti imeanza wakati stata inazunguka au baada ya injini kushika, imechukua muda gani, na taa ya oili imezima lini. Taa inatakiwa izime ndani ya sekunde moja au mbili. Ikichelewa na sauti ikawa inakata palepale taa inapozima, basi umeshajua presha ya oili inachelewa kufika na huhitaji kubishana na mtu.

Afu rudia kitu hichohicho mchana injini ikiwa ya moto, zima, kaa dakika tano, washa tena huku unarekodi. Sauti ikitoka asubuhi tu na mchana isitoke, ni ya baridi kweli. Ikitoka zote mbili, au ikiwa mchana ndo inazidi, ruka ukasome pale chini kwenye sauti za hatari.

Inalia sekunde moja mpaka tatu, afu kimya

Hii ndo inayowasumbua wengi na ndo yenye mambo mengi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Gari ikilala usiku mzima oili yote inashuka chini kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini). Tensiona (kifaa cha kukaza cheni) kwenye injini nyingi inasukumwa na presha ya oili, ikikosa presha inalegea kidogo, unapowasha cheni inachapa kwenye gaidi zake (reli za plastiki zinazoiongoza) mpaka pampu ipandishe oili. Hivyohivyo gia ya VVT-i kule kwenye kemushafti, ndani yake kuna pini ya kuifunga isicheze wakati hakuna presha, pini ikichakaa gia inacheza huku na huku na kutoa ule mlio mkali wa krrrr kama sekunde moja. Kwenye injini za 2GR-FE na 2AR-FE hili ni tatizo linalojulikana mpaka Toyota wenyewe walitoa maelekezo ya kubadilisha hiyo gia.

Lakini kabla ya cheni na kabla ya gia, angalia filta. Filta nzuri ya oili ina raba ndani inayozuia oili isirudi chini ukizima injini. Filta feki au za bei ya kutupwa raba yake ni ngumu au haipo kabisa, oili yote inarudi, na asubuhi pampu inaanza kujaza filta tupu kwanza ndo ifikirie cheni. Ukinunua geuza filta uangalie yale matundu madogo ya pembeni, nyuma yake uone raba, ibonyeze kwa kijiti, iwe laini na irudi yenyewe.

Halafu unene wa oili. Hapa najua nitapingwa na mafundi wengi wa kwetu wanaoamini gari ikizeeka ipewe 20W-50. Namba ya mbele ya W inaelezea tabia ya oili ikiwa ya baridi, ikiwa ndogo oili inatembea haraka zaidi kwenye baridi. Namba ya nyuma ni ikiwa ya moto. Injini ya 1NZ imetengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, ukiiwekea 20W-50 na ikalala Ngaramtoni mwezi wa saba, hizo sekunde mbili za mwanzo chuma kinasuguana na chuma wakati oili bado inajikongoja kupanda. Oili nzito inaweza kupunguza kelele ya injini iliyochoka ikiwa ya moto, sikatai, ila kwa sauti ya asubuhi inaongeza tatizo. Fungua kitabu cha gari au angalia mfuniko wa oili, mara nyingi umeandikwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya matibabu ni hii: mwaga oili, weka ya unene ulioandikwa, weka filta ya uhakika, nunua kwa mtu unayemjua maana oili za kuchakachua zipo. Wakati unamwaga, pitisha oili ya zamani kwenye kitambaa cheupe na uweke sumaku chini ya chombo. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku kidogo tu sio kesi. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba au fedha ambavyo havinaswi na sumaku hizo ni beringi, na vipande vya plastiki ngumu vya kahawia au vyeusi ni gaidi za cheni zinaliwa. Baada ya hapo sikiliza asubuhi kadhaa mfululizo, sio moja.

Bado inalia? Fanya jaribio la kuzungusha bila kuwasha. Kwa gari za ufunguo wa kawaida, usiku toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza petroli) kwenye boksi la fyuzi, asubuhi piga stata sekunde tano, pumzika, tano tena, injini itazunguka bila kushika na pampu itapandisha oili taratibu. Rudisha fyuzi, washa. Kama leo haijalia kabisa wakati jana na juzi ililia, tatizo ni oili kurudi chini au tensiona kuvuja presha, bado hujafika kwenye cheni iliyotanuka. Kama imelia vilevile pamoja na presha kuwepo, cheni, gaidi au gia ya VVT-i ndo zinahojiwa sasa.

Hapo chomeka mashine ya daiagnosisi, hata vile vidude vidogo vya bluetooth vya kuunganisha na simu vinatosha kusoma kodi (namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari). P0016 inamaanisha krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na kemushafti hazikubaliani, mara nyingi cheni imetanuka au imeruka jino. P0011 na P0012 zinahusu VVT kwenda mbele kupita kiasi au kuchelewa, na hizo mara nyingi ni valvu ya oili ya VVT kuziba uchafu, wala sio cheni. Baadhi ya injini za VVT-i zina kichujio kidogo cha waya nyuma ya boliti yake, kikiziba kinaoshwa tu kwa petroli na kurudishwa. Nimeona watu wanaagiza injini nzima kutoka Dar kabla ya kuosha hicho kichujio na inauma.

Tensiona ya 1ZZ-FE na 2AZ-FE iko nje, imeshikwa na nati mbili, inatoka bila kufungua kava ya cheni. Ila ikishatoka usizungushe krenki hata kidogo, cheni itaruka, na kwenye injini nyingi cheni ikiruka valvu zinakutana na pistoni. Ya 1NZ iko ndani ya kava, hiyo ni kazi ya siku nzima, na ukishafungua badilisha cheni, gaidi na tensiona kwa pamoja. Kufunga tensiona mpya juu ya gaidi iliyochimbika ni kulipa ufundi mara mbili.

Inagonga dakika kadhaa afu inaisha taratibu

Hapa presha ya oili tayari ipo, kwa hiyo sababu ni nyingine. Ukisikia tik tik tik nyepesi juu ya injini, inakwenda nusu ya spidi ya injini, ni tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu). 1NZ na 1ZZ hazina tapeti za oili (zinazojirekebisha zenyewe), zinataka kupimwa nafasi na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa ya baridi. 2ZR-FE inazo za oili, kwa hiyo huko anza na usafi wa oili.

Tok tok nzito ya katikati ya injini, ambayo inapungua kadri sindano ya temperecha inavyopanda, ni pistoni inayocheza kwenye silinda. Pistoni ni ya aluminiamu, ikiwa ya baridi inasinyaa, ikipata moto inatanuka na kujaza nafasi. Subaru za EJ25 zina sifa hiyo. Kuthibitisha, injini ikiwa bado ya baridi chomoa soketi ya koili moja moja kwa sekunde chache, silinda husika ikikosa moto kugonga kunapungua. Usikae nayo muda mrefu, petroli isiyoungua inaenda kuharibu katalaiza. Habari njema ni kwamba gari ya namna hii inaweza kutembea miaka, oili ikiwa sawa na injini haili oili sana.

Kuna moja inadanganya sana, gasketi ya manifold ya ekzosti (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) au ufa kwenye manifold yenyewe. Inapiga tik tik kama tapeti kabisa, ukikanyaga mafuta inazidi, ikipata moto chuma kinatanuka kinaziba ufa na sauti inakata. Tumia ile hosi, ncha moja sikioni nyingine uipitishe kuzunguka manifold bila kuigusa, utasikia inapuliza. Angalia pia masizi meusi kwenye maungio.

Vitu vilivyofungwa nje ya injini

Alteneta, waterpampu, kompresa ya AC, pulii ya kukazia, zote zina beringi na zote zinaweza kulia asubuhi. Njia nzuri kuliko zote ni kutoa feni belti usiku, asubuhi unawasha injini ya baridi bila belti. Sauti ikipotea, injini yako ni nzima na shida iko kwenye mojawapo ya hivyo, zungusha kila pulii kwa mkono usikie ipi inakwaruza au inachezacheza. Ila kwa gari ambazo feni belti ndo inazungusha waterpampu, IST ikiwemo, usizidishe nusu dakika, na usiendeshe.

Usipoweza kutoa belti tumia bisibisi, ncha kwenye chuma cha kifaa kisichozunguka, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Linganisha sehemu na sehemu. Ile inayopiga kelele kubwa kuliko zote ndo jirani na tatizo.

Sauti ya kukwaruza inayotoka wakati funguo unauachia tu, upande wa gia boksi, ni stata inachelewa kujitoa. Na kwa gari ya oto, mlio wa kugonga wa chuma kati ya injini na gia boksi unaobadilika ukitoa P kuweka D, mwambie fundi akague boliti za ile sahani inayounganisha injini na toki (kifaa kinachopeleka nguvu kwenye gia boksi ya oto) kabla hajagusa kingine.

Dizeli ni habari yake

Land Cruiser za safari zenye 1HZ zinagonga asubuhi na hiyo ni asili yake, dizeli ya baridi inachelewa kuwaka, ikiwaka inawaka kwa mkupuo. Isipopungua injini ikipata moto, au ikigonga silinda moja tu na kutoa moshi mweupe wa macho kuwasha, anza na hita plagi, afu nozeli. Fundi wa 1HZ anaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja kusikiliza ipi inabadilisha ule mlio wa kugonga. Kwenye 1KD na dizeli yoyote ya komonreli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote) usimruhusu mtu afanye hivyo, presha mle inapita bar 1,000, inapenya ngozi. Huko zinasomwa kwa mashine tu.

Sauti ambazo hutakiwi kuendesha nazo

Mlio mzito wa kugonga wa chini, dung dung dung, unaozidi ukikanyaga mafuta na unaozidi injini ikipata moto, ni beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Taa ya oili ikiwakawaka ukiwa sailensi (hujakanyaga mafuta) ndo kabisa. Zima na uite breakdown, zile kilomita za kutoka Usa River mpaka mjini zinatosha konrodi kutoboa bloku. Nyingine ni krrrr ya cheni ambayo zamani ilikuwa sekunde mbili na sasa inafika kumi au imeanza kurudi ukiwa barabarani, hiyo nayo isimamishe hapohapo.

Kabla ya kukubali kushusha injini kwa kesi yoyote ya oili, dai kipimo cha presha. Swichi ya oili inatolewa, geji inafungwa mahali pake, inasomwa injini ikiwa ya baridi na tena ikiwa ya moto, ikilinganishwa na namba za kitabu cha injini hiyo. Ni kazi ndogo na inatofautisha presha ndogo (pampu iliyochoka, au strena, kichujio cha pampu ndani ya sampu, iliyoziba tope) na cheni iliyochoka. Strena ikiwa na tope usimwage dawa za kusafisha injini humo, uchafu wote utaporomoka kwa pamoja na kuimaliza kabisa, shusha sampu uioshe kwa mkono.

Ukienda gereji

Iwe Unga Limited, iwe Majengo Moshi, usipeleke gari asubuhi. Ipeleke jioni, ilale pale, mkubaliane hakuna mtu kuiwasha mpaka wewe na fundi mfike kesho yake mapema. Gereji zingine watu wanasogeza magari alfajiri kupanga nafasi, kwa hiyo ongea na mlinzi pia, au ondoka na funguo. Mwonyeshe fundi video zako mbili, ya baridi na ya moto, umwambie sekunde ngapi na taa ya oili ilizima lini, afu mwache afanye kazi yake.

Akishamaliza usilipe yote kwa kusikiliza pale pale injini ikiwa ya moto. Mkubaliane sehemu ya hela ibaki mpaka gari ilale usiku mmoja nyumbani, rekodi tena kwa simu ileile na sehemu ileile, uziweke pamoja na za mwanzo. Spea zilizotoka ziombe urudi nazo, gaidi iliyochimbika inaonekana kwa macho na tensiona mbovu ukiibonyeza kwa kidole inazama bila ubishi.